Saa ya Jumamosi kwenye Uwanja wa Vioo

Prossy, wewe uliyeachiwa ufagio wangu na kiti changu kirefu, uliniomba niandike machache kabla sijasahau. Sijasahau kitu, magoti tu ndiyo yaliyosahau kazi yao. Nitaandika kwa ajili yako na wenzako mnaofundisha padeli pale klabuni, na mtanivumilia nikianzia mbali, maana mtu aliyestaafu juzi ana muda mwingi kuliko wasomaji wake.

Nilianza kazi nikiwa maka wa skwoshi. Wengi wenu mnadhani Maka ni jina langu. Jina langu ni Fadhili, na maka ilikuwa kazi: mfanyakazi wa klabu anayehesabu pointi, anayesuka upya nyuzi za raketi zilizokatika, na anayeingia uwanjani kucheza na mwanachama aliyekosa mwenzake. Asubuhi ya kwanza niliteremka barabara ya Port Bell hadi getini nikiwa na viatu vya shule, vile vya soli nyeusi. Aliyenipokea alikuwa maka mkuu, Mzee Lwanga, Mkatoliki safi aliyekuwa na sauti ambayo baba yangu angetamani kuisikia ikiadhini. Aliangalia viatu vyangu, akaangalia sakafu yake ya mbao, akaniambia nivivue. Siku hiyo nilifanya kazi pekupeku, nikisugua alama nyeusi nilizoziacha mwenyewe nilipokuwa nikiingia.

Mzee Lwanga alinifundisha mambo mengi, lakini mawili yamenilisha hadi kustaafu. La kwanza, taja pointi kwa sauti kabla ya kila servisi, hata kama wachezaji wote wanajua hesabu, kwa sababu ugomvi wa uwanjani huanza pale kila mtu anapohesabu kimoyomoyo. La pili alinifundisha siku nilipompa mwanachama mmoja mkubwa pointi ambayo haikuwa yake. Aliniita pembeni, akaniuliza taratibu: "Gwe Fadhili, uliona mpira ao uliona bwana mkubwa?" Tangu hapo nimekuwa nikiangalia mpira. Vyeo na mshahara sitaviandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Miaka ikaenda. Mzee Lwanga alirudi kwao Masaka, wacheza skwoshi wakaanza kuja klabuni kunywa chai tu, na kamati ikaamua kuvunja uwanja mmoja wa tenisi. Lori lilipoleta vioo vikubwa vizito nilidhani tunajengewa duka la magari. Karoli, yale madege yetu yenye upara, walisimama juu ya nguzo za taa wakikagua ujenzi kwa makini kuliko kamati yenyewe. Kisha akaja kocha kutoka Nairobi, kijana mchangamfu, akanikabidhi raketi isiyo na nyuzi. Ilikuwa ubao mnene wenye matundu, kama mwiko wa kuepulia maandazi, na kamba ya kuivaa kwenye kifundo cha mkono. Nikamuuliza nyuzi ziko wapi. Akaniambia kwa furaha kwamba mchezo huu hauna nyuzi. Mimi niliyesuka nyuzi maisha yangu yote nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa mnyonge, sitaficha.

Lakini yule kijana alijua kufundisha, na baada ya muda mfupi mchezo wenyewe ulinikamata. Nitaueleza jinsi nilivyozoea kuwaeleza wageni, na msicheke, maana nimewasikia mkieleza vibaya zaidi.

Uwanja una urefu wa mita ishirini na upana wa mita kumi, wavu katikati, na umezungushiwa vioo na seng'enge pande zote. Wanaocheza ni wanne, wawili huku na wawili kule. Anayeanzisha husimama nyuma ya mstari wake, hudundisha mpira chini, kisha huupiga kutoka chini, usipite kiuno, uende kimshazari kwenye kisanduku cha upande wa pili. Ana nafasi mbili. Mpira ukidunda ndani ya kisanduku kisha ukagonga kioo, ni sawa, mchezo unaendelea. Ukidunda kisha ukagonga seng'enge, hiyo servisi imeharibika. Wageni wote huuliza kwa nini kioo kiruhusiwe na seng'enge ikatazwe. Mimi huwajibu kwamba kioo hurudisha mpira kwa adabu, na seng'enge huutupa popote inapotaka.

Baada ya servisi, kubwa ni hili: mpira uanze kugusa ardhi ya wapinzani kabla ya kugusa ukuta wao. Ukiupiga ukaenda moja kwa moja kwenye kioo chao, umepoteza pointi, hata kama mlio wake ni mtamu. Ukidunda kwako mara moja, una ruhusa ya kuuacha upite, ugonge kioo chako cha nyuma, urudi, ndipo uupige. Ukidunda mara mbili umekwisha. Pointi zinahesabiwa kama tenisi, kumi na tano, thelathini, arobaini, gemu, na anayetangulia kufika gemu sita kwa tofauti ya mbili anachukua seti. Wakifungana sita kwa sita, wanacheza taibreka, yaani pointi moja moja hadi saba, nazo kwa tofauti ya mbili.

Wanafunzi wangu wagumu walikuwa wa aina mbili. Wacheza skwoshi walipiga mpira ukutani kwa wapinzani kwa mapenzi yote, halafu wakanigeukia kuniuliza kwa nini sishangilii. Wacheza tenisi hawakuweza kuuacha mpira. Unamwambia mtu ngoja, uache upite, kioo kitakuletea, naye anauvamia hewani kama anafukuza nyuki. Kuna sheria moja ambayo niliwafundisha hao peke yao, kwa sababu ni wao tu wenye nguvu ya kuihitaji. Ukipiga mpira kwa nguvu sana kutoka juu, unaweza kudunda kwa wapinzani, ukagonga kioo chao cha nyuma, ukaruka juu ya wavu na kurudi kwako. Wao wasipoufikia, pointi ni yako. Kazi yako ni kukaa mbali nao. Ukiugusa kabla wao hawajaugusa, umeitupa pointi uliyokwisha kuishinda.

Nilipomweleza hivyo Injinia Tumwine, aliyecheza tenisi tangu akiwa mwanafunzi kule Kyambogo, alicheka sana. Akaniuliza ni nani atagusa mpira ambao ameshashinda. Nikamwambia watu wa tenisi.

Kazi nyingine hamkuiona kwa sababu mliikuta imeshazoeleka. Asubuhi baada ya mvua unavuta maji kwa kifuta chenye mpira, kuanzia katikati kwenda mlangoni, kisha unafagia mchanga urudi kwenye nyasi bandia, maana mchanga ukilala upande mmoja mpira unadunda kwa uongo. Msimu wa visubi vya ziwani ndio mbaya zaidi. Vinapanda kutoka Port Bell vikifuata taa, na kesho yake kioo kizima kimeota manyoya. Usivifute vikiwa vikavu, Prossy, utapaka supu. Mwagia maji kwanza, subiri vilegee.

Sasa niwaeleze kuhusu saa, jambo ambalo lilinitoa jasho kuliko visubi.

Tulirithi kutoka skwoshi desturi ambayo sijaisikia klabu nyingine. Kila saa ya wiki ina wenyewe, watu wanne wanaoishika. Lakini wengine wakiitaka, wanaweza kuwaita wenye saa kwenye shindano: wawili kwa wawili, seti moja, ndani ya saa hiyohiyo inayogombewa, na maka juu ya kiti. Anayeshinda anachukua saa. Anayeshindwa anatafuta iliyobaki. Na kwa kuwa wenye zamu inayofuata wanakuwa wamesimama mlangoni wakinyoosha misuli, tulikubaliana kwamba taibreka ikifika sita kwa sita, pointi moja tu iamue.

Saa ya Jumamosi saa mbili asubuhi ilikuwa ya Hajati Zamzam. Aliipata padeli ikiwa bado mpya, wakati wanachama wengine walipoona ni mapema mno kuamka. Hajati ni Mnubi kama mimi, ana duka la vitambaa Kamwokya, na alikuja kwetu kwa amri ya daktari. Alikuwa na sukari, akaambiwa autikise mwili. Kwanza alijaribu kutembea. Lakini kutembea Kamwokya ukiwa Hajati Zamzam ni kukaribishwa chai kila mlango, na kukataa ni kumtukana mtu. Alirudi nyumbani na sukari zaidi ya ile aliyotoka nayo.

Siku ya kwanza aliingia uwanjani amejifunga gurbaba, kile kitambaa wanachojifunga mama zetu wa Kinubi. Nikamwambia Hajati, hiyo haikimbii. Akanijibu kwamba yeye ndiye atakayekimbia, siyo nguo. Mpira wa tatu ulimwingia kwenye mikunjo ya gurbaba na haukuonekana tena hadi alipojikung'uta. Ndivyo alivyojifunza kwamba mpira ukigusa mwili wako au nguo yako, pointi imekwenda. Juma lililofuata alikuja na suruali pana na mtandio uliofungwa vizuri, na wenzake watatu: Nakato, mwenye saluni karibu na duka lake, na wifi zake wawili. Duka na saluni havifungwi siku za kazi, Ijumaa kuna sala, Jumapili kuna harusi za watu. Jumamosi saa mbili ndiyo nafasi waliyokuwa nayo, hapakuwa na nyingine.

Hakukosa hata Jumamosi moja. Alikuwa anakuja hata kukiwa na mvua. Baada ya muda akanijia kwenye kibanda changu, uso unang'aa, akaniambia daktari amempunguzia dawa. Nilifurahi kama vile ni mimi niliyepunguziwa.

Ndipo Injinia Tumwine na mwenzake Kiggundu, mtu wa kampuni ya bima, wakawaita kwenye shindano. Sitaki mumdhanie Injinia vibaya. Alikuwa na kazi ya ujenzi Luzira iliyomtaka saa nne, na saa mbili ilimfaa. Alifuata desturi, alimwita kwa heshima. Lakini kila mtu alijua jinsi anavyopiga mpira. Hajati alikuja kibandani, hakuketi.

"Kaka Fadhili," akasema, "hii saa wakinyang'anya, mimi narudi kwa chai."

Nilimwambia ninakaa kwenye kiti kirefu, siwezi kuwa na upande. Akasema anajua. Nilikuwa na upande, na nililala nao usiku ule.

Jumamosi hiyo jua lilikuwa limetoka mapema na vioo vilikuwa safi, nilivisugua mwenyewe. Watu walijaa nje kwenye seng'enge, nusu ya Kamwokya ilikuwa imepanda bodaboda. Hajati na Nakato hawakuwa na nguvu, ila walikuwa na subira. Waliacha mpira upite, wakangoja kioo kiurudishe, wakaunyanyua juu polepole ukaanguka nyuma ya wale mabwana. Kiggundu alipandwa na hasira gemu ya tatu, na servisi yake ikawa inatafuta seng'enge. Injinia alirekebisha kwa kupiga kutoka juu kila kilichopita karibu naye. Nilitaja pointi kwa sauti ya Mzee Lwanga hadi koo likakauka. Wakafika sita kwa sita. Taibreka nayo ikafika sita kwa sita. Nikatangaza kwamba sasa ni pointi moja, na anayeichukua ana saa.

Walirushiana mpira kwa muda mrefu, kisha Nakato akaunyanyua, na mara hii aliunyanyua mfupi. Injinia aliuona mapema. Aliruka, akaupiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukadunda mbele ya Hajati, ukagonga kioo cha nyuma, ukapaa juu ya vichwa vyao, ukavuka wavu kurudi ulikotoka. Injinia alikuwa ameshakimbilia mbele, mkono juu. Mpira ukampita, ukaanguka nyuma yake.

Nikaona saa imekwenda. Hajati aliinamisha raketi, akaanza kutembea kwenda kwenye wavu kutoa mkono. Nakato alikuwa analia bila sauti. Nilifungua mdomo kutangaza pointi kwa Injinia, na nawaambia ukweli, mdomo ulikuwa mzito.

"Maka, ngoja," Injinia akasema. "Nimegusa."

Kiggundu akamuuliza amegusa nini. Akaonyesha ukingo wa raketi, akasema mpira umepita hapa. Kiggundu akasogea karibu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyeona, hata Maka hakuona. Na ilikuwa kweli. Mpira ulipita kati yangu na jua, sikuona chochote.

"Mimi nimesikia na mkono," Injinia akamjibu. "Maka, toa pointi kwa wao."

Nikatangaza pointi ya Hajati Zamzam na Nakato, na kwamba saa inabaki kwao. Huko nje watu walipiga kelele hadi karoli wakahama nguzo. Lakini Hajati hakushangilia. Alisimama palepale kwenye wavu, ananiangalia kwa mashaka, kwa sababu ile sheria sikuwahi kumfundisha. Hakuwa na nguvu za kuihitaji, nami sikufikiri kwamba kuna siku ingemhitaji yeye. Ilinibidi nishuke kwenye kiti nimweleze mbele ya watu wote. Alisikiliza hadi mwisho, akamgeukia Injinia.

"Kwa hiyo wewe ulishinda, halafu ukajishinda?"

Injinia akasema ndiyo, nnyabo, yaani mama. Hajati akamuuliza kama alikuwa anaijua hiyo sheria kabla. Akasema Maka alimfundisha, naye akacheka. Basi Hajati akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye nyasi na mtandio ukamlegea, na Injinia naye akakaa upande wake wa wavu akicheka vilevile. Wenye zamu ya saa tatu walikuwa wanagonga mlango.

Hapo chini ndipo Hajati alipomweleza kuhusu sukari na daktari. Injinia hakuwa na habari. Akamuuliza kwa nini hakumwambia mapema, asingeiomba hiyo saa. Hajati akasema ndiyo sababu hakumwambia, hakutaka kuachiwa. Injinia na mwenzake wakachukua saa ya mchana wa Jumanne, yenye jua la kukaanga yai, na Kiggundu alimnunia kwa wiki kadhaa. Siku hizi wanazungumza, ingawa Kiggundu bado anafanya servisi kwenye seng'enge.

Baadaye wifi mmoja wa Hajati aliolewa Arua, wakabaki watatu, na padeli ya watatu haipo. Wewe Prossy ulikuwapo, ulitaka kuwatafutia mtu wa nne kutoka kwa wanafunzi wako. Hajati alikuwa ameshampigia simu Injinia. Alimwambia yeye mwenyewe hatakiwi, anapiga kwa nguvu mno, amlete mkewe.

Mkewe, Bi Peace, alikuja Jumamosi ambayo kwangu ilikuwa ya mwisho kazini. Hakuwahi kushika raketi. Nilikuwa nimepanga nimfundishe mimi, kwa utaratibu wangu wa siku zote, iwe ndiyo kazi yangu ya kufungia: kwanza servisi, kisha kioo, kisha hesabu. Nilichelewa kidogo kwa sababu ya keki mliyoninunulia. Nilipofika uwanjani Hajati alikuwa ameshamshika mkono, amemsimamisha kwenye wavu, anamfundisha. Kati ya sheria zote za mchezo huu alikuwa anaanza na ile ya mpira unaorudi, ambayo mgeni anaweza kucheza mwaka mzima asikutane nayo.

"Sasa wewe, mwenzangu," alikuwa anamwambia, "mpira yako ikirudi kwako yenyewe, usiguse. Hata kama imekukaribia hivi. Unakaa tu, unaiangalia."

Bi Peace aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, bila kuelewa hata neno, maana hata kuupiga alikuwa bado hajaupiga. Nje ya uwanja Injinia alikuwa ameshika seng'enge kwa mikono miwili, anacheka hadi machozi. Niliinua mkono niingie nirekebishe, niseme Hajati, anza na servisi. Kisha nikaketi kwenye benchi nikamwacha afundishe.